Kifo cha utata kwenye familia: polisi na daktari, mpiga ramli, au vyote viwili?

Naandika hii kwa ajili ya mtu ambaye sasa hivi nje kwao kuna turubai, wanawake wamekaa kwenye mikeka, na chumbani wazee wamegawanyika. Wapo wanaosema mwili usiguswe, twende polisi, akapimwe tujue. Wengine wanasema hiki kifo sio cha Mungu, kuna mtu anajua kitu, twendeni kwa mpiga ramli tukatazamie kabla hajazikwa. Na wewe uko katikati, labda ndio uliyesoma kidogo, au ndio mwenye hela ya nauli, kwahiyo wote wanakuangalia wewe.

Sitakuambia njia moja ndio sahihi kwa kila mtu maana nimeona familia zikiumia kwa njia zote hizi. Ila nitakupangia kila njia kwa vigezo vilevile ili ukirudi chumbani uwe na cha kuongea.

Vigezo nilivyotumia

Cha kwanza ndio kikubwa kuliko vyote, ni swali gani unataka lijibiwe. Mtu akifa ghafla yanakuja maswali matatu kwa mpigo na watu wanayachanganya. Amekufa na nini? Nani kahusika, kama yupo? Na kwanini yeye, kwanini sasa, kwanini sio yule mwingine waliyekuwa naye? Hili la tatu ndio linalowanyima watu usingizi, na ndio linalowapeleka kwa mganga hata wale wenye digrii zao.

Vingine: jibu ukilipata unaweza kulihakiki au unaamini tu, inachukua muda gani (maana mwili hausubiri), inagharimu nini, sheria inasemaje, na mwisho kabisa jibu likiwa la uongo ni nani anayeumia. Hiki cha mwisho watu hawakiulizi na mimi ndio kimenifanya niandike.

Kwanza niseme kilichotupata

Baba yangu mdogo alikuwa dereva wa lori, njia ya Tunduma kuja Dar. Alirudi safari moja shavu la mguu wa kushoto limevimba, akasema amekaa sana, akapakwa mafuta na kuchuliwa. Siku ya tatu aliingia bafuni asubuhi akadondoka na ndoo ya maji, alikuwa na miaka 41. Alizikwa kesho yake mchana. Hakuna aliyempeleka popote kupimwa.

Wiki ya pili wazee watatu walienda kutazamia, mimi nikiwa dereva wao. Chumba kidogo kina kaniki nyekundu mlangoni, bakuli jeupe la maji, kioo cha mkononi, na mzee mpole kabisa ambaye alituuliza maswali mengi kuliko majibu aliyotupa. Alisema anaona mtu wa karibu, wa damu, mwanamke, ambaye msibani hakulia. Hakutaja jina. Wazee wenyewe ndio walitazamana wakasema kwa pamoja jina la shangazi yangu, dada wa marehemu.

Shangazi ni kweli hakulia. Alikuwa jikoni siku tatu mfululizo anapikia watu 200, nani alimpa nafasi ya kulia? Lakini kuanzia hapo kila sherehe ya ukoo alikuja na maandazi yake kwenye kitambaa cheupe kama alivyozoea, na kila mara alirudi nayo yote kwenye kitambaa kilekile, limefungwa fundo lilelile.

Miaka baadaye nilimsimulia daktari mmoja kifo kile bila kumwambia habari za ramli. Kitu cha kwanza alichoniuliza: mguu ulikuwa umevimba? Akanieleza kwamba mtu akikaa safari ndefu damu inaweza kuganda kwenye mshipa wa mguu, lile donge likachomoka likapanda mpaka kwenye mapafu, na mtu anadondoka palepale. Lakini kaburi lilishajengewa. Uhakika hatunao.

Njia ya kwanza: polisi na uchunguzi wa maiti

Inajibu swali la kwanza, amekufa na nini, na inasaidia la pili. La tatu hailigusi kabisa, na usiende ukitegemea ilijibu.

Inavyokwenda kwa kawaida: unaripoti kituoni unapewa RB, yaani namba ya taarifa yako (Kenya wanaita OB), polisi wanaangalia eneo na kuandika maelezo ya watu, mwili unapelekwa mochwari, daktari anaukagua nje kisha anaupasua, anachukua sampuli za damu, mkojo, ini na vilivyomo tumboni kama kuna wasiwasi wa sumu. Kwa Tanzania sampuli za sumu na vinasaba zinaenda kwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Vifo vya namna hii vina sheria yake, Sheria ya Uchunguzi wa Vifo Sura ya 24, kwahiyo sio hisani mtu anakufanyia.

Uzuri wake ni kwamba jibu linahakikika, daktari wa pili anaweza kuangalia alichoangalia wa kwanza. Mfano mkubwa wa karibuni ni Albert Ojwang, kijana aliyefia kituo cha polisi cha Central, Nairobi, Juni 2025. Polisi walisema alijigonga kichwa ukutani mwenyewe. Madaktari watano wakafanya uchunguzi pamoja, Dk. Bernard Midia akasoma matokeo mbele ya waandishi: majeraha ya kichwa, shingo imekabwa, michubuko sehemu mbalimbali za mwili, na vinaashiria kushambuliwa, sio kujigonga. Maelezo ya polisi yakaanguka kwa sababu ya mwili wenyewe. Nasisitiza hili kwa wale wanaosema polisi hawaaminiki kwahiyo postimotamu haina maana. Hata pale polisi wenyewe ndio wanaoshukiwa, mwili bado unasema, mradi daktari aliyechaguliwa na familia awepo chumbani.

Alafu kuna vile vifo ambavyo kijijini vinaonekana wazi kabisa ni vya kurogwa. Familia nzima imelala salama, asubuhi wote wamekufa, mlango umefungwa kwa ndani, hakuna jeraha. Ukiangalia vizuri kuna jiko la mkaa ndani lilioingizwa kwa ajili ya baridi. Hewa ya mkaa haina harufu, inakaa kwenye damu mahali pa oksijeni, na daktari anaiona maana damu na nyama za ndani zinakuwa nyekundu ya kung'aa isivyo kawaida. Au Kenya mwaka 2004, Makueni na Kitui na jirani zake, watu wanapata manjano na kufa nyumba kwa nyumba, wagonjwa 317, vifo 125. Ilikuwa sumukuvu kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Au Ruangwa, Lindi, 2022, watu wanatoka damu puani na kuanguka, watatu wakafa, mitaani kila mtu na lake, maabara ikasema ni homa ya mgunda, ugonjwa wa bakteria kutoka kwa wanyama. Kagera 2023 hivyohivyo, ugonjwa wa ajabu, kumbe ni Marburg, kirusi kinachoambukiza hata kutoka kwa maiti, na watu sita walikufa. Hebu fikiria hao wote wangekwenda kutazamia tu. Wangepata jina la mtu, mahindi yangeendelea kuliwa, na maiti yenye Marburg ingeendelea kuoshwa kwa mikono mitupu.

Ubaya sasa. Madaktari bingwa wa patholojia ni wachache, na wilayani mara nyingi anayepasua ni daktari wa kawaida mwenye foleni ya wagonjwa nje. Majibu ya sumu yanachukua wiki, mara nyingine miezi. Na kuna vifo ambavyo baada ya yote hayo daktari anaandika sababu haikupatikana, kwa mfano hitilafu ya mapigo ya moyo au mtu mwenye kifafa anayefia usingizini, vinaweza visiache alama yoyote. Familia ikipata jibu kama hilo inarudi palepale pa mwanzo, sasa na hasira juu.

Kitu kingine kinachoumiza ni lugha. Mnapewa karatasi imeandikwa kwa kiingereza kwamba moyo na mapafu vilisimama, basi. Kila aliyekufa moyo wake umesimama, hiyo sio sababu! Muulize daktari: ulisimama kwa sababu ya nini? Omba akueleze kwa kiswahili na umpeleke mzee mmoja anayeheshimika asikie kwa masikio yake, maana wewe ukienda kusimulia nyumbani watasema umepewa hela.

Hela: gharama kubwa ambazo familia zinakutana nazo ni kusafirisha mwili, siku za mochwari na kulisha watu wakati mazishi yamesogea. Kwa Waislamu kuna uzito wa kuchelewesha maziko na kumpasua marehemu, na huo uzito ni wa kweli, usiudharau. Zungumza na sheikh wenu mapema pamoja na daktari, unaweza kuomba mwili upewe kipaumbele uzikwe siku hiyohiyo.

Ikikosea nani anaumia? Familia inakosa haki, na mara nyingine mtu anakamatwa bure. Ila kuna rufaa, kuna uchunguzi wa pili, kuna kufukua kwa amri ya mahakama. Kosa linaweza kurekebishwa, japo kwa jasho.

Inamfaa: aliyefiwa na kijana au mtoto, kifo chenye jeraha au harufu ya sumu, aliyefia mikononi mwa polisi au mwajiri, kifo chenye bima au kesi ya mirathi nyuma yake, na vifo vya watu zaidi ya mmoja nyumba moja.

Njia ya pili: mpiga ramli, mganga, nabii

Nitenganishe kwanza. Mganga wa tiba asili aliyesajiliwa anayetibu kwa mitishamba anatambulika, Tanzania kuna Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya 2002 na baraza lake. Ninayemzungumzia hapa ni yule anayesema anaona: kwa bao, kwa kioo, kwa kitabu cha falaki, kwa mapepo, au kwa maono ya madhabahuni. Na msidhani ni mambo ya Afrika tu. Marekani, Uholanzi, Uingereza na Australia wapo watabiri ambao familia na hata askari wamewafuata, na mjadala wao unafanana na wa kwetu kabisa.

Inajibu swali la tatu, kwanini yeye, na ndio nguvu yake. Jibu linapatikana siku hiyohiyo, kwa lugha yenu. Mzee anakaa na familia saa tatu anawasikiliza, anajua mila, anajua namna ya kutuliza nyumba yenye hofu, anawapa kitu cha kufanya kwa mikono yao. Hospitali nani anakupa hata dakika kumi? Sitamcheka mtu aliyekwenda, nilikuwepo, na niliona mabega ya baba yakishuka kwa mara ya kwanza tangu msiba.

Tatizo ni pale anaposogea kwenye swali la pili, nani. Hapo ndio vipimo vimefanyika na matokeo sio mazuri. Mwaka 1979 Martin Reiser, mwanasaikolojia wa polisi wa Los Angeles, pamoja na wenzake walitoa matokeo ya jaribio la watabiri 12 waliopewa vielelezo vya kesi nne, mbili zilizokwishajulikana na mbili bado. Walichosema hakikusaidia upelelezi. Mwaka 1996 Uingereza, Richard Wiseman na wenzake waliweka watabiri watatu upande mmoja na wanafunzi watatu wa kawaida upande wa pili, wakawapa vitu vya kesi halisi, watabiri hawakuwazidi wanafunzi.

Kinachofanya tuone kama wanapatia ni aina ya maneno. "Naona maji." Sasa mwili utapatikana wapi ambapo hapana mto, bomba, kisima, bahari au hata ndoo karibu? "Mtu wa karibu, mwanamke." Ukoo wowote una mwanamke ambaye ana neno na marehemu. Sisi wenyewe ndio tunajaza jina, kama wazee wangu walivyofanya, na tukitoka pale tunaapa kwamba mganga ndiye aliyemtaja.

Kwa haki niseme na upande wa pili. Kuna kesi ya 1980 huko Los Angeles wanaoamini huwa wanaitaja sana: nesi kapotea, mwanamke mmoja ambaye hakuwa hata mtabiri wa kazi akaona picha kichwani ya korongo, akaenda kuwaambia polisi, alafu mwenyewe akaenda na watu wake mwili ukapatikana. Polisi walimweka ndani siku kadhaa kama mshukiwa. Baadaye wanaume watatu wakatiwa hatiani na yeye akashitaki, na mwaka 1987 baraza la mahakama likamzawadia fidia ya zaidi ya dola 26,000. Wasioamini wanasema huenda maneno yalishaanza kuvuja mtaani akayasikia bila kujua. Mimi ninachokiokota hapo ni hiki: alichotaja ni mahali. Mahali panaendeka, panachimbika, panaonekana kama kweli au uongo ndani ya saa moja.

Sasa zikikosea. Mwaka 2004 mama mmoja wa Cleveland, Marekani, ambaye binti yake Amanda Berry alikuwa amepotea, alikaa kwenye kipindi cha televisheni na mtabiri maarufu Sylvia Browne akamwambia binti yake hayupo hai. Mama yule alifariki 2006. Mei 2013 Amanda akavunja mlango akatoka hai, alikuwa amefungiwa nyumba ya mtu miaka kumi palepale Cleveland. Mama alikufa akiamini mwanae amekufa. Nikifika hapo huwa nashindwa kuendelea kusoma.

Texas, Juni 2011, mtu anayejiita mtabiri akapiga simu kwamba kuna miili imezikwa kwenye nyumba fulani ya mashambani, polisi na waandishi na helikopta wakajaa, hakukuwa na mwili hata mmoja, wenye nyumba walikuwa safarini wanaona nyumba yao kwenye taarifa ya habari. Australia, watoto watatu wa familia moja walipotea ufukweni Adelaide 1966, akaletwa Gerard Croiset kutoka Uholanzi, akaonyesha ghala moja, watu wakachanga hela sakafu ikachimbwa, hakuna kitu. Na mwaka 1996 wakachimba tena palepale! Miaka 30 watu wanachimba neno la mtu mmoja.

Kwetu gharama sio sakafu. Kwetu ni bibi. Kanda ya Ziwa wazee wanawake wameuawa kwa mapanga kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo ni moshi wa kuni wa miaka 50. Kilifi wazee wenye mvi wanakimbia mashamba yao. Mauaji ya ndugu zetu wenye ualbino yalifika mahali ambapo Januari 2015 serikali ya Tanzania ikapiga marufuku wapiga ramli, na baada ya miezi michache zaidi ya 200 walikuwa wamekamatwa. Neno lililotumika, ramli chonganishi, lilichaguliwa vizuri.

Sheria kwa hiyo haiko upande wako ukitaja mtu. Tanzania ipo Sheria ya Uchawi Sura ya 18, Kenya Sura ya 67, zote za tangu ukoloni, na kumtangaza mtu kuwa mchawi ni kosa linalokupeleka wewe ndani, sio yeye. Dini nazo zinajulikana. Muislamu anaijua hadithi ya swala kutokubaliwa siku 40 kwa anayemwendea mpiga ramli, Mkristo anaijua Kumbukumbu la Torati 18. Ndio maana wengi wanakwenda usiku.

Muda: haraka. Hela: inaanza ndogo, kuku na elfu kadhaa, alafu inaongezeka kwa sababu kila jibu linazaa zindiko lingine. Kuhakiki: haiwezekani, labda akitaja mahali au kitu.

Inamfaa: familia ambayo sababu ya kifo wameshaijua kwa njia nyingine au haiwezekani tena kujulikana, na wanachotafuta ni utulivu, tambiko, kufunga msiba kwa mila yao, na wamekubaliana kabla ya kutoka nyumbani kwamba jina la mtu halipokelewi. Kama hilo la jina hamuwezi kukubaliana, haiwafai.

Njia ya tatu: vyote viwili

Hii ndio watu wengi wanafanya kimyakimya. Asubuhi polisi, usiku kwa mganga. Sio lazima iwe mbaya, shida ni mpangilio.

Kwanza mwili. Mwili hausubiri, mganga anasubiri hata mwaka. Na usiruhusu maiti ichomwe dawa kabla ya uchunguzi kama mna wasiwasi, maana ile dawa ya kuhifadhi inaharibu vipimo vya baadhi ya sumu, pombe ikiwemo. Nguo alizokufa nazo, matapishi, chupa, sahani ya mwisho aliyokulia chakula, vitu hivi mara nyingi vinafuliwa na kuoshwa na wanawake wenye nia njema kabla ya polisi hajafika.

Pili, watu watoe maelezo polisi kabla ya kusikia ramli, sio baada. Hili nimeliona kwa macho. Kabla ya kutazamia hakuna mtu kwetu aliyewahi kumuona shangazi karibu na chakula cha marehemu. Baada ya kutazamia watu wanne walimkumbuka kabisa, na rangi ya kanga aliyovaa, na sidhani hata mmoja alikuwa anadanganya kwa makusudi. Kumbukumbu ya binadamu ikishapewa jina inaanza kulifanyia kazi. Mbele ya hakimu maelezo ya namna hiyo yanaweza kumfunga asiye na kosa, au kumwachia mwenye kosa kwa sababu mashahidi wameharibika.

Tatu, mganga akisema kitu kinachoangalika, mfano kuna shoka kisimani, mpeleke askari taarifa kama taarifa nyingine yoyote, bila kupamba, na ujiandae kuulizwa umejuaje. Akisema jina, liishie pale kwenye mkeka.

Kwa muda na hela hii ndio ghali kuliko zote maana unalipa pande mbili. Faida yake ni kwamba inawashika wazee na vijana pamoja, hakuna anayehisi ameburuzwa. Inamfaa mwenye familia iliyogawanyika kweli lakini yenye mtu mmoja ambaye pande zote zinamsikiliza. Bila mtu huyo inageuka vita.

Njia ya nne: kuzika na kumwachia Mungu

Sitakaa sana hapa. Kwa mzee aliyeugua muda mrefu na ugonjwa ulijulikana, hii ni njia yenye heshima na haihitaji maelezo kwa mtu. Haina gharama, inawapa watu nafasi ya kulia. Kwa kifo cha utata ina tatizo moja: ile "kazi ya Mungu" inayosemwa kaburini mara nyingi haifiki hata arobaini, minong'ono inaanza na wakati huo hakuna cha kupima. Sisi tulianza na hii. Na anayenufaika kuliko wote mkizika haraka kifo chenye jeraha ni aliyeusababisha, kama yupo.

Kama hali yako ni hii

Amekufa usiku wa kuamkia leo, hamjui kwanini, mwili bado uko ndani: ripoti kwanza, fungeni kile chumba, msioshe kitu. Mjadala wa kutazamia uahirisheni, waambie wazee wazi kwamba hamjakataa, mnaanza na kinachooza.

Mtoto amekutwa amekufa, au mwili una alama, au alikuwa mahabusu: polisi na daktari, na kama mnaweza kumpata, daktari wenu awepo chumbani. Kwenye hali hii hata kama familia yote inataka ramli, ningesimama mlangoni.

Wamekufa wawili watatu kwa siku chache wenye dalili zinazofanana: piga simu kituo cha afya kabla ya mtu yeyote kugusa mwili. Angalieni chakula, maji, jiko.

Mtu amepotea na hamna mwili: hapa ndio watabiri wanaumiza kuliko popote, kumbuka yule mama wa Cleveland. Msimpe mtu ruhusa ya kuwaambia amekufa. Kama ni mkasa wa watu wengi, toeni sampuli za vinasaba mapema. Shakahola, Kilifi, kule Kenya kwenye msitu walikozikwa waumini waliofunga mpaka kufa, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 kuanzia Aprili 2023, na familia za kwanza zilianza kukabidhiwa ndugu zao Machi 2024 baada ya DNA kuoana. Ni karibu mwaka, inachosha sana, lakini waliyemzika ni ndugu yao kweli.

Uchunguzi umeshafanyika, majibu ni "haikupatikana": rudi kwa daktari uulize alichokiondoa kwenye orodha. Kujua kwamba sio sumu na sio kipigo ni jibu kubwa, na wazee walisikie kwa mdomo wa daktari. Baada ya hapo mkitaka tambiko, dua au misa ya kutuliza nyumba, fanyeni.

Ameshazikwa siku nyingi na hakuna dalili ya jinai: kufukua kunahitaji amri ya mahakama na mwili unakuwa umeshapoteza mengi, kwahiyo pima kama inalipa. Wengi hapa wanachohitaji ni mtu wa kuwasikiliza, awe sheikh, padri, mzee wa mila au rafiki.

Na kama mmeshakwenda, na jina limeshatoka, na kuna mtu kwenye ukoo wenu sasa hivi anakula peke yake: usisubiri ushahidi wa kumsafisha, hautapatikana. Nenda kwake mchana watu wakiona, na ukamtaarifu mwenyekiti wa mtaa au mzee wa kijiji kama kuna vitisho. Sisi tulichelewa miaka saba. Siku tuliyokwenda kwa shangazi alitoa mkeka, akaleta chai na maandazi kwenye kile kitambaa cheupe, akaweka katikati akarudi nyuma kidogo kama mtu aliyezoea. Mama yangu alichukua la kwanza akalila kabla hata hajakaa.